Hewa ya bure, paa za kulipiwa: kisa cha mitandao miwili Pipeline

Kisa chenyewe ni cha Pipeline, Embakasi, pale ploti zimesimama bega kwa bega hadi dirisha la huyu linaangalia jiko la yule. Kuna watu wawili wanauza wifi ya mwezi huko, kwa nyumba za singo na bedsita, na walikuwa wamekosana vibaya sana juu ya masafa, yaani ile nafasi ya hewani ambayo wifi hupitia. Mmoja nitamwita jamaa wa Tassia juu antena zake kubwa ziko upande huo, mwingine nitamwita dada wa Kware. Wote wana leseni ya kutoa huduma, wote wananunua intaneti ya jumla kutoka kwa kampuni kubwa halafu wanaigawa mtaani kwa antena za gigahezi 5 zilizofungwa juu ya paa. Mimi niliitwa kama fundi wa masafa, mtu wa kupima na kusema ukweli, na nimeomba ruhusa yao nieleze kisa bila majina kwa sababu naamini mitaa mingi ya Nairobi iko kwa hali hiyo hiyo saa hii.

Dalili zilikuwa hivi. Mchana net iko sawa kabisa. Kuanzia saa moja jioni inaanza kukwama, saa tatu usiku mtu akifungua video inazunguka tu, saa sita inarudi. Kastoma anapiga simu, anatukana, mwisho wa mwezi anahamia kwa yule mwingine, na kule anapata shida ile ile. Jamaa wa Tassia alikuwa anaingia kwa mtambo wake anaona kastoma anapokea mawimbi ya desibeli hasi 58, ambayo ni nguvu nzuri tu (namba ikikaribia sifuri ndivyo nguvu inazidi), sasa anashindwa kuelewa mbona data haipiti. Lakini nguvu peke yake haisemi kitu. Kinachosema ni tofauti kati ya mawimbi yako na kelele iliyo mahali pale pale, na kelele kwenye dirisha la huyo kastoma ilikuwa inapanda hadi hasi 70 jioni. Hiyo ni tofauti ya 12 tu, na ile spidi ya juu iliyoandikwa kwenye boksi la rauta inataka tofauti ya 30 na zaidi. Kwa 12 mtambo unashuka gia hadi ile ya chini chini, kila kipande cha data kinachukua muda mrefu hewani, foleni inajaa, na mtu wa nyumba ya tatu ambaye hata hana shida ya mawimbi anaanza kungoja.

Kelele ilitoka wapi? Kwa dada wa Kware, na ya dada ilitoka kwa jamaa. Lakini kila mmoja akiwa juu ya paa lake na simu mkononi akipima, haoni mwenzake, na hapo ndipo ugomvi ulipata moto, kwa sababu kila mtu alikuwa anaapa kwamba hewa yake ni safi. Katikati yao kuna jengo refu kuliko mengine, ghorofa nyingi, lina matangi ya maji yamepangwa juu kama ukuta, na maji yanakula mawimbi ya gigahezi 5 vizuri sana. Antena ya jamaa haisikii ya dada wala ya dada haisikii ya jamaa. Wifi imetengenezwa kwa adabu, inasikiliza kwanza, ikisikia mtu anaongea inangoja. Sasa kama hawasikiani hakuna wa kungoja, wote wanaongea kwa mpigo, na anayeumia ni kastoma aliye kwenye zile ploti za pembeni mwa jengo refu ambaye dirisha lake linawasikia wote wawili. Nilipanda hadi ghorofa ya tano ya mojawapo ya hizo ploti nikapimia dirishani, kwa kastoma mwenyewe, na kwa mchoro wa kipimo changu mtu anaona antena mbili zimekaa kwenye chaneli moja, yaani kipande kile kile cha masafa, moja juu ya nyingine kabisa. Mwingiliano unapimwa pale anapopokea mtu, mafundi wengi wa mtaani hawaendi huko, wanabaki juu ya paa lao.

Sasa walichofanya kabla ya kuniita ndicho kila mtu hufanya. Jamaa akaongeza nguvu ya kurusha. Dada akasikia kastoma wake wanalia zaidi, naye akaongeza. Ukifanya hesabu, kama wote wawili wameongeza desibeli 3, pale katikati tofauti kati yao imebaki ile ile, hakuna aliyepata hata nukta, ila ploti za mbali ambazo hazikuwa na shida sasa zimeanza kupata kelele ambayo haikuwepo. Na rauta ya kastoma haina hiyo nguvu ya kujibu. Antena ya paa inapiga kelele, rauta ndogo ya dirishani inanong'ona, kwa hivyo data ya kushuka inafika lakini majibu ya kupanda hayafiki, na bila majibu hata ya kushuka inarudiwa rudiwa.

Ukiuliza mbona wote wawili walikuwa chaneli moja wakati gigahezi 5 ni pana, jibu lina sehemu mbili na zote zinakera.

Ya kwanza ni upana. Wote walikuwa wameseti chaneli ya megahezi 80 kwa sababu ndiyo inatoa namba kubwa ya kuuza, megabiti 866 kwa sekunde kwa antena ya njia mbili, ile inayorusha mikondo miwili ya data kwa mpigo. Na wote wamejibana kwenye kipande cha juu, kutoka 5725 hadi 5850, ambacho ni megahezi 125 jumla. Chaneli za kawaida za wifi za megahezi 80 zinazoingia hapo ni moja. Moja tu! Kwa hivyo hata kama wangekuwa marafiki wa damu, kwa upana huo lazima wakanyagane.

Ya pili ni woga wa rada. Kipande cha katikati, kati ya 5470 na 5725, kiko wazi lakini kinatumiwa pamoja na rada, na dunia ilikubaliana 2003 kwenye mkutano wa masafa wa ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, kwamba wifi inaweza kuingia humo kwa sharti la kusikiliza rada na kuhama. Mtambo ukiwaka unatakiwa ukae kimya dakika nzima ukisikiliza kabla ya kurusha, ukisikia rada unatoka kwenye hiyo chaneli na usirudi kwa nusu saa. Kwa kanuni za Ulaya, pale kati ya 5600 na 5650 ambapo rada za hali ya hewa hukaa, kusikiliza ni dakika 10. Fundi wa mtaani akiona net imezima ghafla saa mbili usiku kwa sababu mtambo umedhani umesikia rada, anaapa hatarudi huko, na ni kweli mitambo ya bei rahisi wakati mwingine inadanganyika, inasikia kelele ya jirani inaiita rada. Kwa hivyo wote wanakimbilia kipande cha juu. Wengine ndio wanafanya ubaya mkubwa zaidi, wanabadilisha nchi kwenye mtambo, wanaandika uko nchi nyingine ili ule ulinzi wa rada uzimike na nguvu ipande. Nitasema hili bila kuzunguka, hiyo ni hatari na ikome. Embakasi ndiyo iko na uwanja mkuu wa ndege wa nchi hii. Marekani iliwahi kupata shida hii waziwazi kule San Juan, Puerto Rico, ambapo rada ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege ilikuwa inachafuliwa na antena za watoa huduma za intaneti, na wenye antena wakapigwa faini. Ukiwa unauza wifi chini ya njia ya ndege, seti nchi yako ilivyo.

Basi tulikutana juu ya paa la ile ploti ya katikati, wao wawili, mimi, na keateka wa ploti. Jamaa alikuja na hoja yake moja.

"Dada, mimi nilikuwa hapa kabla hii ploti haijapakwa rangi. Wewe umekuja juzi unanikanyaga."

"Ndugu yangu, sikatai ulinitangulia. Lakini hewa kwani ulinunua? Nionyeshe risiti."

Hapo dada alikuwa sawa kisheria. Masafa ya wifi hayana leseni ya mtu binafsi, unayatumia kwa masharti mawili, usimsumbue mwenye haki na ukisumbuliwa vumilia. Kutangulia hakukupi kitu. Jamaa alikuwa ametishia kumpeleka dada kwa Mamlaka ya Mawasiliano, na nilimweleza vile ninavyojua, kwamba wakija wataangalia kama vifaa vimeidhinishwa, kama nguvu imepita kiwango, kama leseni ya huduma ipo, na wote wawili wakipatikana wamepandisha nguvu wataambiwa washushe. Lakini hakuna wa kumwambia dada toka kwenye chaneli ya jamaa, kwa sababu hakuna chaneli ya jamaa.

Ila jamaa naye alikuwa anasema kitu cha kweli ambacho sheria haina mahali pa kukiweka. Ameweka pesa, amejenga, kuna familia zinafanya kazi za mtandaoni kwa net yake, na mtu yeyote anaweza kuja kesho akafunga antena akaua hiyo huduma bila kuvunja sheria yoyote. Haki ambayo haina mpaka inaisha hivyo. Ronald Coase, mwanauchumi aliyepata Nobel 1991, aliandika tangu 1959 kwamba shida ya masafa si uchache peke yake, ni kwamba haki hazijachorwa, na kama haki zingekuwa zimechorwa vizuri majirani wangeweza kukaa chini wakauziana na kubadilishana. Mimi namkubali nusu. Majirani wawili wanaweza kukaa chini. Kumi hawawezi, na Pipeline haina majirani wawili.

Keateka ndiye alitutoa kwenye huo mviringo. Alikuwa amekaa tu kwenye ndoo akisikiliza, mzee wa makamo, halafu akasema, "Risiti niko nazo mimi hapa." Akatoa kaunta buku. Landlodi wake anatoza kila antena kodi ya paa, sasa mzee amekuwa akiandika kila anayefunga kitu. Tarehe, kampuni, namba ya simu, kiasi alicholipa, na mahali. Mahali ameandika kwa lugha yake, "kona ya tanki", "upande wa Outering", "juu ya ngazi", "kando ya kamba za nguo". Tukageuza kurasa. Kuna antena za watu ambao mimi, jamaa na dada hatukuwa tunajua wako. Kuna moja ilikuwa imeachwa na kampuni iliyohama na bado inawaka, inarusha jina la mtandao ambao hauna mwenyewe, inachafua hewa bure. Tuliizima siku hiyo hiyo baada ya mzee kupiga simu kwa mwenyewe.

Nataka mtu asome hapo polepole. Kwa mtaa mzima, rekodi ya pekee ya nani anarusha kutoka wapi ilikuwa kwenye kaunta buku la keateka, na iliandikwa kwa sababu ya kodi, si kwa sababu ya masafa.

Tulichokubaliana kilianzia kwa hilo buku. Tuliongeza safu: antena inaangalia wapi, chaneli gani, upana gani, nguvu gani. Keateka wa ploti za jirani wakaombwa wafanye vile vile, wengine wakakubali, na kila ukurasa ukipigwa picha unatumwa kwa grupu ya WhatsApp. Halafu tukagawa masafa kwa mahali. Kwenye zile ploti za katikati ambazo zinasikia pande zote, hakuna wa kutumia zaidi ya megahezi 20. Kipande cha juu kina chaneli tano za kawaida za upana huo, kutoka 149 hadi 165. Jamaa akachukua mbili za chini, dada mbili za juu, ile ya kati ikaachwa tupu iwe mpaka. Nyuma ya jengo refu, upande wa Tassia ambako dada hasikiki, jamaa yuko huru kutumia megahezi 40. Upande wa Kware dada vivyo hivyo. Haki yako inapanuka pale jengo linapokukinga na inafinywa pale linapokuachia wazi, huwezi kuandika hivyo kwa kuchora mstari kwenye ramani ya mtaa. Nguvu zikashushwa. Antena zikainamishwa ziangalie chini kwa madirisha badala ya kuangalia upeo wa macho, na dada akabadilisha mbili zake akaweka zile zenye umbo la faneli ambazo hazimwagi mawimbi pembeni. Viungo vya paa kwa paa vikatolewa kabisa kwenye hicho kipande: jamaa akavuta faiba, dada akahamia chini kwenye masafa ya rada, nchi imeandikwa Kenya, ulinzi umewashwa, na kwa dishi nyembamba zinazoangaliana hajapata shida ya kuhamahama.

Kwenye karatasi walipoteza. Megahezi 80 kwa njia mbili ni megabiti 866, megahezi 20 ni 173. Jamaa alilalamika sana hapo, akaniuliza kastoma ataambiwa nini. Lakini 866 yake ilikuwa ya saa nane mchana watu wakiwa kazini. Ukifinya chaneli kutoka 80 hadi 20 kelele ya asili peke yake inashuka desibeli 6, kabla hata hujaondoa jirani. Kwenye dirisha lile lile la ghorofa ya tano kelele ya jioni ilikuja kukaa kwa hasi 85, mawimbi yakawa hasi 62 kwa sababu nguvu imeshushwa, tofauti ikawa 23. Mtambo ukipata 23 ambayo haiyumbi unafanya kazi nzuri kuliko 30 inayogeuka 12 kila jioni. Simu za malalamiko za saa tatu zilipungua hadi dada akaacha kumlipa kijana wa kupokea simu za usiku, akampa kazi ya kufunga.

Kulikuwa na sehemu moja ngumu ambayo haikuwa ya ufundi. Kuna ploti ambazo jamaa ana kastoma lakini antena yake inabidi ipige kupitia pembeni mwa jengo refu, na hiyo miale ndiyo ilikuwa inamuumiza dada zaidi. Njia rahisi ilikuwa wabadilishane kastoma, ploti hizi ziwe za dada, zile ziwe za jamaa, kila mtu akae kwake. Walikuwa tayari kupeana mikono. Mimi nikakataa kuandika hiyo, na nikawaeleza kwa nini. Sheria ya ushindani ya Kenya ya 2010 inakataza washindani kugawana soko, na hata kama isingekataza, mama wa ghorofa ya pili asiye na chaguo atapandishiwa bei, si leo, lakini siku moja. Kugawana masafa kwa mahali ni sawa. Kugawana watu kwa mahali si sawa, na mpaka kati ya hayo mawili ni mwembamba sana mtaani kwa sababu antena na kastoma viko kwenye ploti moja.

Kilichofanyika ni hiki. Kwenye ploti hizo inarusha antena moja tu, ya dada, lakini inabeba majina mawili ya mtandao, lake na la jamaa. Kastoma wa jamaa anabaki wa jamaa, anamlipa jamaa kwa M-Pesa kama kawaida, akitaka kuhama anahama, na jamaa anamlipa dada ada ya kubebwa kila mwezi. Upande wa pili ni kinyume. Hewa inabeba antena moja badala ya mbili, ushindani unabaki. Ilichukua muda kukubaliana ada, na hapo nikawaacha wenyewe, walijuana bei zao.

Halafu akaja wa tatu.

Hakuwa mtu mbaya. Alikodi paa la ploti ambayo keateka wake hayuko kwenye grupu, akafunga antena mpya, megahezi 80, nguvu juu, kipande cha juu. Jioni moja kazi yote ikarudi nyuma. Tulienda kumwona, akasikiliza kwa heshima, akauliza swali moja, "Ni sheria gani inanilazimisha?" Hakuna. Makubaliano ya watu wawili hayamfungi wa tatu, na hapa ndipo wazo la Coase linagonga ukuta mtaani, kwamba wanaokubaliana hawana kitu cha kumwekea anayekuja kesho.

Kilichomfunga hatimaye ilikuwa paa. Hewa ya gigahezi 5 haina mwenyewe lakini paa lina mwenyewe. Landlodi wa ploti ya katikati, na wengine waliomfuata, waliweka sharti kwenye mkataba wa kukodi paa: anayefunga antena aandike chaneli, upana na mwelekeo kwenye buku, na kwenye ploti zilizoorodheshwa asizidi megahezi 20. Ukizidi na jirani akalalamika na ikapimwa ikathibitika, unapewa muda urekebishe au ushushe vyombo. Yule wa tatu alitaka kukodi mapaa mengine pale pale, akasaini, na leo yuko kwenye grupu akiuliza maswali mazuri kuliko wengi.

Sasa mtu asifikirie nasema malandlodi ndio wawe Mamlaka ya Mawasiliano. Kuna mmoja alipoona hivyo akataka kuuza paa lote kwa mtoa huduma mmoja kwa pesa kubwa, wengine wote watoke. Hiyo si kulinda hewa, hiyo ni kufungia wapangaji kwenye soko la mtu mmoja, na nguvu ya paa ikiachwa bila macho itaishia hapo mara nyingi. Tulichopata Pipeline kimesimama kwa sababu ya watu watatu waungwana na mzee mmoja mwenye kaunta buku. Sitaki kuishi kwa mfumo wa hivyo na sidhani Nairobi inafaa kuishi kwa mfumo wa hivyo.

Na mifumo ipo. Hata hapa kwetu wazo lenyewe si geni. 2013 kulikuwa na majaribio Laikipia, upande wa Nanyuki, ya kampuni za Microsoft, Mawingu na Indigo, ya kutumia chaneli za televisheni ambazo hazina mtu mahali hapo kupeleka intaneti vijijini. Baadaye Mamlaka ikaweka kanuni za masafa hayo, megahezi 470 hadi 694, na msingi wake ni hifadhidata ya mahali: mtambo unasema niko hapa, hifadhidata inajibu hapo ulipo tumia chaneli hizi kwa nguvu hii. Yaani kaunta buku la mzee, lakini la nchi nzima na linajibu lenyewe. 2021 pia ukaja utaratibu wa leseni na masafa ya pamoja kwa mitandao ya jamii. Kwa hivyo nikisema haki ya masafa itolewe kwa mahali, sisemi kitu ambacho maofisa wetu hawajawahi kusikia. Shida ni kwamba masafa matupu ya televisheni ni dawa ya Laikipia. Nairobi yenye stesheni zote za televisheni zimejazana haina nafasi kama hiyo, na hata ingekuwa nayo, chaneli moja ya televisheni ni megahezi 8, ni nyembamba kwa ploti yenye kaya mia.

Marekani wana mfumo wa megahezi 3550 hadi 3700 ambao umegawanywa kwa ngazi tatu. Juu wako wenyewe wa zamani kama rada za jeshi la majini, katikati walionunua leseni kwa mnada wa 2020, chini yeyote yule, na kompyuta ndiyo inapanga nani aende wapi kila wakati. Leseni za katikati ziliuzwa kaunti kwa kaunti. Napenda zile ngazi tatu, sipendi kipimo. Kaunti ya Nairobi ni kilomita za mraba 696 na sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 ndani yake. Ukiuza haki ya masafa kwa kipande hicho kizima, anayenunua ni kampuni kubwa peke yake, na dada wa Kware anarudi kuwa mtazamaji. Uingereza walifanya kitu kilicho karibu na tunachohitaji. Tangu 2019 Ofcom, mamlaka yao ya mawasiliano, wanatoa leseni ya mahali kwa masafa ya 3.8 hadi 4.2 gigahezi, ile ya nguvu ndogo ni duara la mita 50, na ada yake ni pauni 80 kwa kila megahezi 10 kwa mwaka. Duara la mita 50 Pipeline ni ploti chache na barabara. Hicho ni kipimo cha mtu wa mtaani.

Lakini hata hilo duara halitoshi likiletwa hapa lilivyo, kwa sababu Pipeline inaishi kwenda juu. Jirani yako wa masafa ni yule wa ghorofa ya nane inayoangalia dirisha la ghorofa ya tano, mita 15 hewani, na kwenye ramani wako duara moja. Rekodi ya Nairobi lazima iwe na urefu na iwe na mwelekeo, vinginevyo itaandika watu wawili kama wanagongana wakati tangi la maji linawatenganisha, na itaandika wengine kama wako mbali wakati wanaangaliana uso kwa uso. Na vifaa vya hayo masafa mapya bado ni ghali ukilinganisha na vya wifi, kwa hivyo hata leseni ikipatikana leo, gigahezi 5 itabaki kuwa hewa ya mtaani kwa muda mrefu. Ndiyo maana naona mahali pa kuanzia ni rekodi kabla ya leseni. Kuandikisha antena za nje za paani, bure, kwa fomu fupi ya simu, mahali, urefu, mwelekeo, chaneli, upana, nguvu, na watoa huduma wote wa eneo waione. Antena isiyoandikishwa isipewe kosa la jinai, ila ikigombana na iliyoandikishwa ndiyo ihame kwanza. Hilo peke yake lingempa jamaa wa Tassia kitu cha kuonyesha, na lingempa yule wa tatu sababu ya kuangalia kabla ya kufunga.

Wao watatu tayari wanaandika barua ya maoni kwa Mamlaka kwa pamoja, na kurasa za lile buku zitaambatanishwa, majina ya watu na namba za simu zikiwa zimefunikwa. Safu tulizokubaliana ziko kumi. Ile ambayo bado inabishaniwa ni ya nguvu ya kurusha, kwa sababu dada anataka iandikwe nguvu iliyopimwa dirishani kwa kastoma na jamaa anataka iandikwe iliyosetiwa kwenye mtambo. Mimi niko upande wa dada.